Sura ya Tano: Kadi za Vipande vya Nguo

Chini ya meza ya kila fundi cherehani kuna gunia. Humo huingia kila kinachobaki baada ya nguo kukatwa: kona ya kitenge iliyotolewa shingoni, ukanda wa kanga uliozidi kwenye pindo, satini ya gauni la bibi harusi, lesi ya urefu wa kiganja. Kwa fundi ule ni mzigo tu. Gunia likijaa, vipande huishia kujazia mito au kufutia mafuta gereji. Lakini kipande cha upana wa vidole vitatu, ambacho hakitoshi hata kola ya shati la mtoto, kinatosha kupamba kadi nzima ya pongezi, na kadi hiyo inaweza kukaa kabatini kwa mwenyewe miaka mingi baada ya gauni kuchakaa.

Sura zilizotangulia zilihusu vitu vya kuvaa na kutandika. Kadi ni kitu cha namna nyingine, maana kazi yake ni kusema. Nami nashikilia kwamba kwa watu wa Afrika Mashariki hakuna kadi inayosema vizuri kama ya kitambaa, kwa sababu sisi tumezoea kuisoma nguo. Mama akipewa doti ya kanga, kwanza huikunjua atazame jina lake. Rangi na maua atayasifia baadaye. Bibi harusi akivishwa kisutu chenye wekundu, weusi na weupe wake, hakuna haja ya kuuliza kuna shughuli gani. Mtengeneza kadi anayelijua hilo hahangaiki kutafuta pambo la kubandika juu ya ujumbe. Huchagua kitambaa ambacho chenyewe ni ujumbe, kisha akakishona kwa usafi usiokiaibisha. Mambo hayo mawili, uchaguzi na usafi, ndiyo yatakayotushughulisha katika sura hii.

Nguo ilivyoingia kwenye kadi

Kadi ya Krismasi ya kibiashara inayotajwa kuwa ya kwanza ilichapwa London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa na watu wengi wa kuwaandikia na muda mchache, na aliyeichora ni rafiki yake, msanii John Callcott Horsley. Nakala zilikuwa takriban 1,000. Njia ilikuwa imekwisha kusafishwa: tangu mwaka 1840 barua ya kawaida Uingereza ilisafirishwa kwa peni moja tu, na watu wa kipato kidogo nao wakaanza kuandikiana.

Miaka michache baadaye, katika mji wa Worcester, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Esther Howland alipokea kadi ya Valentino kutoka Uingereza, iliyopambwa kwa karatasi ya lesi. Alikuwa amehitimu masomo mwaka 1847, na baba yake alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia. Akaagiza karatasi za lesi na mapambo, akakusanya marafiki wa kike nyumbani kwao, akawagawia kazi: huyu anakata, yule anabandika maua, mwingine anaweka karatasi ya ndani. Biashara hiyo iliendelea hadi alipoiuza mwaka 1881. Vikundi vya akina mama vinavyosoma kitabu hiki viukumbuke mpangilio ule, tutauhitaji mwishoni mwa sura.

Kitambaa chenyewe kilipata nafasi yake kubwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nchini Ufaransa na Ubelgiji zilitengenezwa postikadi za hariri: ukanda wa hariri nyembamba ulitariziwa picha nyingi kwa mfululizo, ukakatwa vipande, kila kipande kikabandikwa kwenye fremu ya karatasi ngumu. Kulikuwa na maua, bendera za nchi zilizoungana vitani, na maneno mafupi ya kumsalimu mama, mke au mchumba. Askari wa Uingereza walizinunua kwa wingi na kuzituma nyumbani. Nyingine zilishonwa kama bahasha ndogo ya hariri, na ndani yake ikachomekwa kadi ndogo zaidi yenye salamu. Hariri ile ilikuwa laini mno kupigwa mihuri ya posta, kwa hiyo nyingi zilisafiri ndani ya bahasha, na ndiyo maana hadi leo zinaonekana katika makumbusho hazina stempu wala anwani mgongoni.

Na huku kwetu? Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani ya Waswahili walikuwa wakinunua leso za mraba na kuziunga kwa sindano, tatu juu na tatu chini, kupata nguo moja pana ya kujifunga. Kutokana na mishono hiyo ikazaliwa kanga, nguo yenye pindo pande zote na mji katikati, ambayo Mombasa na Lamu wengi huiita leso mpaka leo. Maneno yalipoanza kuchapwa juu yake, mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alizisambaza kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla kiasi kwamba chapa yenyewe ikawa sifa ya ubora. Kwa hiyo unapobandika kipande cha kanga kwenye karatasi na kukiandikia salamu, unaendeleza kazi ambayo nguo hiyo imekuwa ikiifanya kwa zaidi ya karne moja.

Anza na bahasha

Wanaoanza kazi hii hukimbilia kitambaa. Wakimaliza, kadi inapendeza kweli, lakini hakuna bahasha inayoienea. Anza na bahasha. Nenda dukani uone zipo za ukubwa gani, nunua, ndipo ukate kadi.

Kipimo kinachorahisisha maisha ni hiki. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati upate vipande viwili vya A5, kisha kila kimoja ukikunje mara moja. Utapata kadi mbili za ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148, ambazo huingia vizuri katika bahasha ya C6 yenye milimita 114 kwa 162. Nafasi inayobaki ubavuni ndiyo itakayobeba unene wa kitambaa.

Karatasi ya kunakilia, yenye gramu 80 kwa mita ya mraba, ni nyepesi mno. Itajikunja kwa uzito wa gundi. Tafuta manila nzito au karatasi ya kadi ya gramu 200 hadi 300. Kabla ya kukunja, ishike karatasi kwa mikono miwili uipinde kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Utahisi kwamba upande mmoja unakubali na mwingine unakataa, kwa kuwa nyuzinyuzi za karatasi hulala kuelekea upande mmoja tangu kiwandani. Kunja kwa upande unaokubali, na mkunjo hautapasuka. Weka rula, pitisha kalamu ya wino iliyokauka ili ichimbe mfereji mdogo, ndipo ukunje na kuukandamiza kwa mgongo wa kijiko.

Kuchagua kipande

Kwa fundi usiende mikono mitupu wala usiende saa za msongamano. Asubuhi ni nzuri. “Shikamoo, fundi.” “Marahaba, mwanangu.” “Naomba uniwekee vipande vya pamba kwenye mfuko huu, vya satini kwenye huu. Nitavipitia Jumamosi.” Mwachie mifuko miwili na kitu kidogo cha chai. Fundi akiona kadi ya kwanza iliyotokana na mabaki yake, ataanza mwenyewe kukutengea vile vizuri.

Pamba ndiyo rahisi kuliko vyote: haitelezi, inakubali pasi, inashika gundi. Kanga na kitenge ni pamba, na kikoi pia. Satini na hariri hupendeza lakini nyuzi zake huchomoka haraka, ukizigusa tu kingo zinachanguka. Vitambaa vya kunyumbulika kama vya fulana viache kwanza, vitakukunjia kadi.

Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, kwa hiyo kifue, kianike, kipige pasi. Kabla ya hapo kijaribu rangi: lowesha pamba nyeupe, ibonyeze juu ya kitambaa kwa dakika moja. Ikitoka na rangi, kitambaa hicho kinachuja, na maji ya gundi yatakiharibu pamoja na karatasi.

Kisha angalia ukubwa wa mchoro. Ua la kitenge lenye upana wa sahani haliwezi kuingia kwenye kadi ya sentimita 10. Utapata kipande cha petali moja ambacho hakieleweki ni nini. Kata dirisha la ukubwa wa kadi kwenye karatasi nyeupe, lizungushe juu ya kitambaa, na usimame pale ambapo kilichomo ndani ya dirisha kinajitosheleza chenyewe. Kwa kanga, sehemu za kuwinda ni tatu: pembe ya pindo, pambo la katikati ya mji kama vile korosho, na jina.

Hapo kwenye jina uwe mwangalifu. Kanga nyingi husifu na kubariki, lakini nyingine ni za mafumbo na vijembe, na neno lililokatwa peke yake linaweza kubeba kisa ambacho hukukikusudia. Soma sentensi yote kabla ya kukata. Na kama jina lina neno la Mungu, usilipitishie mkasi wala sindano. Lihifadhi zima au chagua kipande kingine.

Gundi, pasi na kingo

Kadi mbaya ya kitambaa inajulikana kwa mambo matatu: doa la gundi lililotokeza juu, kingo zinazochanguka, na karatasi iliyojipinda. Yote matatu yana dawa moja, nayo ni kukipa kitambaa mgongo kabla hakijafika kwenye kadi.

Mafundi wana kitambaa kigumu chenye gundi upande mmoja, kile wanachokibandika ndani ya kola kwa pasi. Nunua robo mita. Kiweke upande wa gundi ukitazama mgongo wa kipande chako, funika kwa kitambaa chepesi, kandamiza pasi ya moto bila kuiburuta, hesabu hadi kumi. Kipande chako sasa kitakatika kingo safi, na nyuzi hazitachomoka kirahisi. Ukikosa hicho, paka gundi nyeupe ya maji kwenye karatasi nyembamba, si kwenye kitambaa, na uisambaze kwa kipande cha kadi mpaka ibaki utando tu. Laza kitambaa juu, funika kwa karatasi safi, weka vitabu vizito mpaka kesho yake.

Mkasi wa kitambaa usikate karatasi hata siku moja, kwa sababu karatasi hutafuna makali. Kuwa na mikasi miwili, na mmoja ufunge uzi mwekundu kwenye mpini ili watoto wajue wa nguo ni upi. Ukitaka kingo zenye meno, tumia mkasi wa meno. Ukitaka kingo zenye matamvua, chukua kipande cha kikoi ambacho hakijawekwa mgongo, chomoa nyuzi za upande mmoja polepole kwa ncha ya sindano mpaka upate nusu sentimita, kisha paka mstari mwembamba wa gundi pale matamvua yanapoishia. Matamvua ya makusudi ni pambo. Yaliyojitokeza yenyewe ni uchafu.

Kushona juu ya karatasi

Gundi peke yake inatosha kushika kitambaa. Mshono unawekwa kwa sababu nyingine: ni mstari wa mkono, unaoonyesha kwamba mtu alikaa akafanya kazi hii kwa ajili ya mtu mwingine. Ndiyo maana mshono kwenye kadi usijifiche. Chagua uzi wa rangi inayopishana na kitambaa: mweupe juu ya bluu, mwekundu juu ya nyeusi, wa machungwa juu ya kijani.

Cherehani ya mguu au ya mkono inafaa kuliko ya umeme, kwa kuwa unaweza kuiendesha tundu kwa tundu. Weka sindano namba 14, na sindano hiyo itengwe kwa karatasi tu, kwani ikishashona karatasi imekuwa butu na itavuta nyuzi za nguo ya mteja. Ongeza urefu wa mshono mpaka milimita 3 au 4. Mshono wa karibu hutoboa karatasi kama ukingo wa stempu, na kadi itachanika kwenye mstari huohuo. Legeza uzi kidogo. Usirudi nyuma kufunga mshono. Acha nyuzi ndefu mwanzo na mwisho, zivute upande wa ndani, zifunge fundo, weka tone la gundi, kata. Ukimaliza, fungua bamba la chini na upige brashi, maana vumbi la karatasi hujikusanya humo na kunyonya mafuta ya mashine.

Asiye na cherehani asivunjike moyo, kwa sababu sindano ya mkono ina uwezo ambao mashine haina. Siri yake ni kutoboa kwanza. Laza kadi juu ya taulo lililokunjwa, weka rula, toboa kwa pini kila baada ya milimita 5, halafu ndipo uingize sindano. Ukitoboa na kushona kwa pamoja, sindano itatafuta njia upande wa nyuma na matundu yatatawanyika. Mshono wa bandi, ule mrefu wa kupita na kuruka, ni rahisi na unapendeza. Ukitaka mstari usiokatika, rudisha sindano nyuma tundu moja kila unaposonga mbele mawili.

Watu wa Unguja na Lamu wanaoshona kofia za viua wanaijua kazi hii kuliko mwalimu yeyote. Kofia hizo hupambwa kwa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, na uzuri wake wote umo katika usawa wa nafasi kati ya kitundu na kitundu. Kwa kadi ya Idi unaweza kuazima namna hiyo: chora hilali kwa penseli, toboa matundu kuifuata, zungushia uzi mweupe kutoka kila tundu kuelekea nje. Kwa nyota, toboa tundu moja katikati na manane kuizunguka, kila uzi uanzie katikati. Tundu la katikati litapitiwa na sindano mara nane, kwa hiyo bandika kipande cha kitambaa nyuma yake kabla ya kuanza.

Kadi ya mfuko, hatua kwa hatua

Hii ndiyo kadi ninayopenda kila mwanafunzi aanze nayo. Ina ushonaji wa kweli, ina pindo, na mpokeaji anapata kitu cha kuchomoa. Inafaa harusi, mahafali, ubarikio, na siku ya kuzaliwa.

Kata kitambaa cha pamba sentimita 9 kwa upana na 11 kwa urefu. Juu, kunja sentimita 1, kisha kunja tena sentimita 1, piga pasi. Shona pindo hilo kwa mstari mmoja, kwa rangi inayoonekana. Sasa kunja sentimita 1 kila ubavu na sentimita 1 chini, piga pasi. Una mfuko wa sentimita 7 kwa 8. Ukitaka ufanane na wa shati, kunja pembe mbili za chini kwa ndani ili zitoe ncha butu.

Ikunjue kadi iwe bapa. Hili ni la lazima, la sivyo utajikuta umeshona mbele na nyuma pamoja. Weka mfuko kwenye uso wa mbele, uache sentimita 3 chini na nafasi sawa kushoto na kulia. Ushike kwa vitone vidogo vya gundi katikati, si kingoni, kwa sababu gundi ikikauka kingoni sindano itakwama. Anza kushona pembe ya juu kushoto, shuka, pita chini, panda kulia, umalize pembe ya juu. Mdomo wa mfuko usiguswe.

Vuta nyuzi nyuma na uzifunge. Ndani ya kadi sasa kuna mishono inayoonekana, na hapo ndipo wengi huachia. Kata karatasi nyepesi ya sentimita 20 kwa 14, ikunje katikati, ibandike ndani ya kadi kama bitana ya koti. Itafunika mafundo yote na kukupa ukurasa safi wa kuandika.

Mwisho kata kadi ndogo ya sentimita 6 kwa 9, andika juu yake neno moja, uichomeke mfukoni ili neno litokeze. Kama ni harusi na una kitu cha kuwatunza maharusi, noti iliyokunjwa mara mbili inaingia nyuma ya kadi hiyo bila kuonekana. Zile postikadi za hariri za wakati wa vita zilitumia mbinu hiyohiyo: salamu ya pili iliyofichwa ndani ya ya kwanza.

Kitambaa gani kwa shughuli gani

Kwa harusi, kisutu au kipande cha nguo ya sare ya kamati. Sare hizo hukatwa kwa mamia ya mita na mabaki yake hukosa kazi, ilhali kila aliyekuwapo ukumbini atakitambua kitambaa hicho miaka kumi baadaye. Muulize fundi wa shughuli mapema.

Kwa mtoto aliyezaliwa, tandaza uzi kati ya matundu mawili uwe kamba ya nguo, uanike vijigauni na visuruali vilivyokatwa kwa vipande vya rangi laini. Vifungo na shanga visiwepo, kwa kuwa mtoto atakapoanza kutambaa kadi hiyo itafika mdomoni.

Kwa mama au nyanya, tumia jina la kanga. Likate zima kwa ukanda, lipe mgongo wa pasi, kisha likunje kwenda na kurudi kwa mapana ya sentimita 9, ukihakikisha mkunjo unaangukia kati ya neno na neno. Bandika pande la mwisho tu ndani ya kadi. Mpokeaji akifungua, atashika ncha na kulivuta jina lote. Kanga yenye jina kama Wema Hauozi haihitaji uongeze hata sentensi moja.

Kwa msiba, punguza. Nasi twajua kwamba rambirambi ni kwenda, kukaa na wafiwa, kuchangia. Kadi ni ya yule aliye mbali, au ya baadaye watu wakishatawanyika. Tumia kitambaa cha rangi moja iliyotulia na mshono mmoja ulionyooka. Satini inayong’aa haina nafasi hapo, na lesi na vifungo pia.

Ukiweka kifungo kwenye kadi yoyote nyingine, kiwe bapa. Kifungo kinene huchana bahasha, na bahasha yenye uvimbe inaweza kukwama au kutozwa zaidi posta.

Kazi ya kikundi na bei

Kikundi cha watu watano kikitengeneza kadi tano, kila mtu yake, kitamaliza jioni na kadi tano zisizofanana hata kwa ukubwa. Watu haohao wakigawana kazi kama walivyofanya marafiki wa Esther Howland, mmoja akakata karatasi na kukunja, wa pili akapiga pasi na kuweka mgongo, wa tatu akashona, wa nne akabandika bitana, wa tano akakagua na kutia kwenye bahasha, kazi itakwenda haraka na kila kadi itakuwa na mraba sahihi. Mkaguzi awe mtu asiye na haya ya kurudisha kazi. Kila baada ya muda badilishaneni nafasi, ili siku mshonaji akiuguliwa kazi isilale.

Bei ihesabiwe kwa kalamu: karatasi, bahasha, gundi, uzi, chai ya fundi, na muda. Muda ndio unaosahaulika. Kadi iliyochukua saa nzima haiwezi kuuzwa kwa bei ya kadi iliyochapwa kiwandani, na mnunuzi anayetaka bei hiyo aelekezwe kwenye ile ya kiwandani kwa heshima. Siku hizi mialiko mingi inafika kwa simu, na hilo ni jema kwa kuwafikia watu mia tatu. Kadi ya mkono ni kwa wale wachache ambao ujumbe wa simu hautoshi kwao: wazazi, wasimamizi wa ndoa, mwalimu, jirani aliyekesha nawe hospitalini.

Mgongoni mwa kila kadi andika jina lako au la kikundi kwa herufi ndogo, pamoja na mahali kitambaa kilipotoka: kanga ya mama, kitenge cha mahafali, shati la baba. Bila maneno hayo, mjukuu atakayeiokota kesho ataona kitambaa tu.

Nawe usijaribu aina zote kwa wakati mmoja. Wiki hii tengeneza kadi ya mfuko mpaka kingo zinyooke na bitana ilale bila kikunyanzi. Wiki ijayo nenda kwenye jina la kanga. Na ile ya kwanza itakayokuridhisha, usiiuze. Mwandikie aliyekufundisha kushika sindano, umpelekee mwenyewe.